Analima kila siku, mbona bado ananenepa?

Mwambie mama wa Kilolo, mkoani Iringa, anayelima ekari tatu kwa jembe la mkono kwamba apunguze uzito kwa kufanya mazoezi, uone atakavyokutazama. Mazoezi gani tena? Ameamka saa kumi na moja alfajiri, amekwenda shambani kwa miguu, amepalilia mpaka saa saba mchana, amerudi na mzigo wa kuni kichwani. Ana haki ya kushangaa. Mhudumu wa zahanati naye hajakosea: mizani inasoma kilo 74 kwa mwanamke wa sentimita 155, na presha iko juu. Kwa urefu huo, kilo 60 ndizo mpaka wa uzito uliozidi, na ukivuka kilo 72 unaingia kwenye kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia.

Tumezoea kusema unene ni wa watu wa mjini, wanaokaa ofisini na kupanda daladala. Msemo huo ulikuwa na ukweli mwingi zamani. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitoa matokeo ya kupima kisukari watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta walio nacho ni kama asilimia 1 tu. Ugonjwa ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini pamoja, ulikuta asilimia 9.1 wana sukari iliyopanda na karibu asilimia 26 wana shinikizo la damu. Vipimo na walengwa havilingani, kwa hiyo usizitoe namba hizo moja kwa nyingine kama hesabu ya darasani. Mwelekeo wake lakini hauna utata.

Duniani kijiji kinaongoza, wala hakifuati nyuma. Mtandao wa watafiti uitwao NCD-RisC ulikusanya vipimo vya watu wazima zaidi ya milioni 112, na mwaka 2019 ukachapisha kwamba zaidi ya asilimia 55 ya ongezeko la uzito duniani kati ya 1985 na 2017 lilitokea vijijini. Kundi moja kubwa lilijitenga na mkondo huo: wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara, ambao kwao mji bado ulikuwa unakimbia mbele ya kijiji. Kwa hiyo sisi hatujafika walikofika wenzetu wa Amerika ya Kusini, ila njia ni ileile. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, kutoka asilimia 18 miaka kumi na moja nyuma. Vijijini peke yake walikuwa kama mmoja kati ya watano.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama, maana ndilo gumu.

Jembe linachoma kiasi gani

Kulima kwa jembe ni kazi nzito, hilo halina mjadala. Mtu wa kilo 60 akiwa amelala tu, mwili wake unatumia kama kalori 60 kwa saa kwa kupumua, kusukuma damu na kutunza joto. Akishika jembe matumizi yanapanda mara tano hivi, na kwenye udongo mkavu au wa mfinyanzi yanazidi hapo. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walipopanga viwango vya mahitaji ya nishati ya binadamu, walimweka mkulima wa jembe, panga na shoka kwenye daraja la juu kabisa: kwa siku anatumia mara 2 hadi 2.4 ya nishati ya mwili uliotulia. Mtu wa kukaa ofisini yuko kati ya 1.4 na 1.7.

Ukiishia hapo utasema mkulima hawezi kunenepa. Lakini weka na sahani mezani. Saa moja ya jembe inakula kama kalori 250 zaidi ya ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kama 140. Chapati mbili zilizokaangwa vizuri na kikombe cha chai chenye vijiko vinne vya sukari zinagonga 600 bila shida. Ina maana saa mbili na zaidi za kuinama shambani zimerudishwa mwilini ndani ya dakika kumi, na ugali wa mchana haujafika.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata wataalamu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Waliwanywesha maji maalumu yenye alama, kisha wakafuatilia mkojo wao kujua mwili umechoma nishati kiasi gani kwa siku nzima. Wanaume walitumia kama kalori 2,600, wanawake kama 1,900. Ukizingatia ukubwa wa miili, kiwango hicho hakikutofautiana na cha Wamarekani na watu wa Ulaya wanaoendesha magari. Miaka mitatu kabla ya hapo watafiti wengine walilinganisha wanawake wa kijijini Nigeria na wanawake weusi wa Maywood, karibu na Chicago. Huko nako, nishati ambayo mwanamke alitumia kwa siku haikutabiri kama uzito wake ungepanda au kushuka.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili hujibana. Ukiutumikisha sana asubuhi, unapunguza matumizi kwingine: unakaa zaidi jioni, unalala mapema, na hata shughuli za ndani zisizoonekana zinawekewa akiba. Hili bado linabishaniwa, na kwa sababu nzuri. Wanaume wa vijiji vya Gambia waliopimwa katikati ya msimu wa kilimo walikutwa wanachoma nishati nyingi mno, kwenye daraja la juu lile la FAO. Kwa hiyo jembe linachoma kweli. Ila linachoma kwa miezi fulani tu, na wanaopima mkulima kwa wiki mbili wanasahau kwamba mwaka una wiki hamsini na mbili.

Mwaka wenye miili miwili

Nyanda za Juu Kusini mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kulima, kupanda, kuweka mbolea na kupalilia vyote vinabanana ndani ya miezi hiyo. Na hiyohiyo ndiyo miezi ambayo ghala linakaribia sakafu. Mahindi ya mwaka jana yameuzwa kwa ada ya shule na mbolea, ya mwaka huu yana urefu wa goti. Januari na Februari kaya maskini hula mara moja au mbili kwa siku, na mbaya zaidi, ndipo watu wanapokwenda kibarua kwenye mashamba ya wengine ili wapate debe la mahindi. Shamba lao wenyewe linachelewa palizi, magugu yanalibana, na mavuno ya mwaka ujao yanapungua kabla hayajaiva. Kazi ya juu kabisa na chakula cha chini kabisa vinakutana kwenye mwili mmoja, wiki ileile.

Uzito unashuka. Kijiji cha Keneba huko Gambia, ambako watafiti wa Uingereza wamekuwa wakipima watu kwa miongo mingi, kimeonyesha wazi: wanawake hupoteza kilo kadhaa msimu wa mvua, na watoto wanaozaliwa miezi hiyo huwa na uzito mdogo kuliko wa kiangazi.

Kisha inakuja Juni. Mahindi yameshuka, fedha imeonekana, harusi na kipaimara zimepangana, pombe ya komoni inachemka kila kona. Kazi nzito imekwisha. Asiye na kinyungu bondeni, yaani bustani ya kiangazi, anaweza kukaa hadi Oktoba bila kushika jembe kwa siku mbili mfululizo. Kilo zilizopotea zinarudi. Kwa vizazi vingi zilirudi zilezile, kwa sababu hata wakati wa neema chakula kilikuwa ugali wa unga wa kinu, maharage na majani ya maboga. Siku hizi zinarudi na nyongeza. Februari haifuti tena kilichoongezwa Agosti, hasa kwa kaya ambazo zina duka jirani, simu ya kupokelea fedha na mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam.

Ndiyo maana kusema "wakulima" kwa jumla hakusaidii. Anayelala njaa Februari na anayeongezeka kilo tatu kila kiangazi wanaweza kuwa majirani wanaopakana mashamba. Uzito wa mkulima usomwe na kalenda mkononi, na uulizwe ni mkulima wa kaya gani.

Unga mweupe, pumba kwa nguruwe

Ingia kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, usimame karibu na mahali unga unapotokea. Mteja mmoja anasaga dona: punje nzima inaingia, unga unatoka wa manjano kidogo, wenye chengachenga. Wa pili anataka sembe. Mahindi yake yanapita kwanza kwenye kinu cha kukoboa, ganda na kiini vinaondoka, kinachobaki kinasagwa kikawa cheupe kama karatasi. Pembeni kuna kiroba cha pili, cha pumba. Ndani ya kiroba hicho ndimo ilimo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta asilia, vitamini za kundi B na madini ya chuma na zinki. Mteja anabeba vyote viwili nyumbani. Sembe inapikiwa watoto, pumba inapelekwa bandani. Kwa lishe, nguruwe wa Njombe mara nyingi amepewa nusu bora ya mhindi.

Sembe ina sifa zake: ni laini, inakaa muda mrefu bila kuchacha kwa kuwa mafuta yametolewa, na mgeni akipewa hatasema amedharauliwa. Tena kukoboa kunapunguza sumukuvu iliyoko kwenye ganda. Hilo si dogo, ukikumbuka watu waliofariki Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kula mahindi yenye ukungu. Anayetaka kula dona lazima akaushe mahindi yake vizuri na kuyachambua. Lakini mtu mzima anayekula ugali wa sembe mara mbili kwa siku anapata wanga unaoingia kwenye damu haraka na kumwacha na njaa mapema, kwa hiyo anaongeza tonge.

Mafuta yamebadilika kimya kimya kuliko unga. Zamani mboga ilichemshwa, ikitiwa karanga zilizotwangwa kama zipo. Sasa mafuta ya kupikia yanauzwa dukani kwa kipimo kidogo cha kumudu kila siku, na maharage yasiyoelea mafuta yanahesabiwa kuwa ya shida. Pamoja nayo yamekuja maandazi ya asubuhi, sukari ya chai kwa vijiko visivyohesabiwa, na soda kwa mgeni. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni kosa la mtu. Baada ya miezi ya kula pungufu, mwili na moyo vyote vinataka kitu chenye utamu na mafuta.

Kazi zilizoondoka bila kuagwa

Tunapowaza jasho la mkulima tunaona jembe. Kalori nyingi zilikuwa zinaondoka kwingine: kutwanga, kufuata maji bondeni, kutembea kwenda mnadani na kurudi, kubeba mavuno kichwani toka shambani. Kazi hizo hazikuwa na msimu. Zilikuwepo Januari na zilikuwepo Septemba, na ndizo zilizoshikilia uzito wa kiangazi.

Zimeondoka moja baada ya nyingine, na hakuna mwanamke mwenye akili anayezililia. Mashine ilichukua kinu. Bomba la kijiji lilichukua ndoo ya bondeni, pale lilipofika. Bodaboda ilichukua njia ya miguu, halafu ikachukua na gunia. Powatila inalima kwa asubuhi moja kipande kilichokula wiki. Dawa ya magugu, mtu anabeba pampu mgongoni na kumaliza ekari kabla ya chakula cha mchana, palizi ambayo ingewainamisha watu watatu kwa siku kadhaa.

Ukitaka kuona mkulima ambaye hajaziacha kazi hizo, watazame Waamishi wa Ontario, Kanada, jamii ya Kikristo inayolima kwa farasi na kukataa magari kwa imani. Walipofungwa vihesabu hatua katika utafiti uliotoka 2004, wanaume walikuwa na zaidi ya hatua 18,000 kwa siku na wanawake zaidi ya 14,000. Chakula chao ni nyama, viazi, mchuzi mzito na keki. Mwanamume mwenye kiribatumbo hakupatikana hata mmoja katika waliopimwa. Wanawake walikuwa asilimia 9. Tofauti hiyo ya mume na mke wakati wote wawili wanafanya kazi kutwa ni ya kuizingatia, maana ipo na kwetu.

Kwetu ina sababu zake. Mzazi hulishwa siku arobaini: uji, supu, mtori kwa waliko na ndizi, na hatoki. Kila mtoto anaweza kuacha kilo ambazo mimba inayofuata inazikuta bado zipo. Juu yake kuna jicho la jamii. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu, kukonda kulikuwa hukumu ya hadharani, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mwanamke akipungua, mama mkwe anauliza kama anaumwa. Akinenepa, mume anasifiwa kwa matunzo. Ushauri wa kupunguza uzito unaotolewa zahanati bila kuligusa hilo unaachwa palepale mlangoni.

Mama mnene, mtoto mdumavu

Namba chungu kuliko zote katika habari hii zinatoka kwenye mikoa inayolisha nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchini. Iringa ilikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa, karibu 50. Hii ni mikoa ya magunia, ya viazi, maparachichi, maziwa na maharage.

Inawezekanaje mama awe na kilo zilizozidi na mwanawe awe mfupi kuliko umri wake? Tazama saa za siku. Msimu wa kilimo mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto wa mwaka mmoja ameachiwa dada yake wa miaka minane na chupa ya uji mwepesi wa sembe. Tumbo la mtoto ni dogo, linahitaji chakula kizito kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Yeye anapata maji yenye wanga mara mbili. Mayai na maziwa yapo, lakini ni ya kuuza, kwa sababu ndiyo fedha pekee inayoingia kabla ya mavuno. Mtoto akiharisha wiki moja, anapoteza alichokuwa ameongeza mwezi mzima. Jioni familia inakula pamoja, sahani ya mama inajaa ugali kwa sababu amechoka kweli, na mtoto ameshalala.

Mtoto huyo akikua anakuwa mtu mzima mfupi, mwenye misuli michache. David Barker wa Uingereza alitumia maisha yake kuonyesha kwamba waliozaliwa wadogo hupata zaidi magonjwa ya moyo na kisukari ukubwani, hasa wakinenepa baadaye. Sentimita 155 za yule mama wa Kilolo huenda nazo zilipunguzwa tangu utotoni.

Nguvu za mkulima

Je, basi jembe halimsaidii kitu? Linamsaidia. Watsimane wa Bolivia, wanaolima kidogo, kuwinda na kuvua, walipopigwa picha za mishipa ya moyo mwaka 2017, asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote kwenye mishipa hiyo, chokaa ambayo ni dalili ya mishipa kuanza kuziba. Wanatembea na kufanya kazi kwa saa nyingi mwaka mzima, na chakula chao kwa sehemu kubwa hakitoki dukani.

Lakini jembe lina upande wake mbaya. Tafiti za Denmark zimeonyesha mara kadhaa kwamba harakati za mapumziko zinalinda moyo kuliko harakati za kazi nzito ya kulazimika, isiyo na pumziko, ya kuinua na kuinama. Mkulima ana mikono ya chuma na mgongo uliochakaa. California walipiga marufuku jembe la mpini mfupi mwaka 1975 kwa sababu lilikuwa linaharibu migongo ya vibarua. Huku kwetu linauzwa kila gulio. Mpini mrefu haugharimu kitu zaidi ya mti. Na mgongo ukishauma, mtu anaacha kutembea, hapo uzito unapata nafasi.

Presha nayo haina adabu ya kuuliza umelima ekari ngapi. Inafuata chumvi, na chumvi ipo kwenye dagaa, kwenye samaki wa ng'onda na kwenye kile kijiko cha pili kinachotiwa mezani. WHO inasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila chakula cha siku nzima.

Kwa mkulima anayetaka kujua alipo, mizani moja ya siku moja haitoshi. Apime Februari na Agosti, aandike kwenye daftari la shamba pale anapoandika mbolea. Kama Agosti ana kilo nne zaidi na Februari zinaondoka, huo ni msimu, na shida yake kubwa huenda ikawa ghala la Februari. Kama Februari ya mwaka huu ni nzito kuliko Februari ya mwaka jana, na ya mwaka jana ilikuwa nzito kuliko ya mwaka juzi, huo ni unene. Utepe wa fundi cherehani nao unafaa: kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwa hiyo mtu wa sentimita 155 asizidi kama 77. Kikizidi, pa kuanzia ni mafuta, sukari na aina ya unga. Saa za shambani azipime kwa mahitaji ya shamba tu.